Disketi ya Mgeni Rasmi

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na tisa. Najua neno hilo limewekwa kwa ajili ya watu wenye mvi na mabati ya kuezekea nyumba, lakini wiki hii wameniaga kwa soda na hotuba, na mtu akishaagwa kwa hotuba sijui aitwe nani mwingine. Nakwenda kidato cha tano. Wewe utakayekalia kiti changu pale ofisini Kizwite nakuandikia haya kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi, na tukikutana njiani ukaniuliza kitu nitaangalia chini mpaka uondoke. Kwenye karatasi nasema vizuri. Mshahara sitauzungumzia, ulikuwa mfupi na hadithi yake ni fupi vilevile. Cheo sikupanda. Kiti kilikuwa kinashuka chenyewe, skrubu yake imekwisha, kwa hiyo usishtuke ukijikuta chini ya meza katikati ya kazi.

Mradi wetu, kama hujaelezwa vizuri, ni wa maksai. Unawasaidia wakulima wa huku uwandani kulima kwa ng'ombe na kuwatibu ng'ombe hao. Nilipoanza, soko huria lilikuwa limefika Sumbawanga na kila kitu kilikuwa kinaitwa mradi, hata kibanda cha mama mwenye mitumba jirani yetu. Tofauti yetu na yeye ni kwamba sisi tulikuwa na kompyuta, na yeye alikuwa na wateja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja yakanitazama vibaya, nikawa narudia mitihani huku nimekaa nyumbani. Baba akanipeleka kwa Mratibu, bosi wa mradi. Siku ya kwanza nilikuta viatu vimepangwa mlangoni kama msikitini. Chumba cha kompyuta kilikuwa hakiingiwi na viatu. Mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, juu ya kitambaa nailoni, juu ya nailoni picha ya Mratibu akiipokea mashine. Aliyekaa mbele yake alikuwa Mama Atu, mama wa Kinyakyusa aliyemfuata mumewe huku kikazi, na sweta lake alikuwa halivui hata jua likiwaka.

"Shikamoo," nilisema, nadhani kwa sauti.

"Sijasikia, lakini marahaba. Wewe ndiye Veneranda? Soksi yako ina tundu."

"Ndiyo, mama."

"Vizuri, kidole kitapata hewa. Kaa hapa."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alisema Excel inajua kujumlisha na kutafuta wastani, lakini haijamwona ng'ombe hata siku moja, kwa hiyo sisi ndio tunaoiambia ng'ombe ni nini. Alikuwa ameandika faili dogo ambalo ofisini tuliliita kiongezo. Ukikiweka, Excel inapata fomula ambazo hazikuwemo. Unampima ng'ombe kwa utepe, mzunguko wa kifua nyuma ya bega na urefu mpaka makalioni, unaandika vipimo hivyo viwili, kisha =UZITO inakupa kilo na =DOZI inakupa dawa ya kujaza kwenye sindano. Hatukuwa na mizani ya ng'ombe. Mizani ilikuwa mnadani, na wenye mnada hawakutupenda kwa sababu Mratibu aliwahi kuwaambia kwamba sisi tuna kompyuta.

Kukiweka ni rahisi, usitishwe. Unaingia Tools, unachagua Add-Ins, unatokea mlolongo wa visanduku vidogo, unatia alama kwenye unachokitaka. Kikiwa kwenye disketi unakitafuta kwa Browse, na hapo mashine inakuuliza swali moja la Kiingereza: nikuwekee nakala kwenye folda yangu ya viongezo? Jibu ni Yes. Ukisema No, mashine itakitegemea kile kilichomo ndani ya disketi, na siku ukiichomoa, seli zote zinaandika #NAME?, yaani hilo jina ulilonitajia mimi silijui. Mama Atu alilirudia jambo hili mpaka nikaliota. "Swali ni moja tu, Vene. Ofisi nzima inaweza kuanguka hapo."

Kulikuwa na kiongezo kingine ndani ya mashine, cha zamani, kilichotoka kwenye mradi wa ng'ombe wa maziwa, wale wa kizungu wenye mwili kama kabati la nguo. Nacho kilikuwa na fomula inayoitwa =UZITO, ila kinampa ng'ombe wetu wa kienyeji karibu nusu mwili zaidi ya aliopewa na Mungu. Niliuliza kwa nini hatukifuti. Mama Atu akasema kilipokelewa kwa sahihi na mhuri, na kitu kilichopokelewa kwa mhuri hakifutwi mpaka kikae kikao. Kikao kilikuwa hakijakaa. "Usivitie alama vyote viwili pamoja," alisema. "Ukiita UZITO, hutajua nani kaitika."

Ndiyo maana alikuwepo Marehemu. Kabla ya sherehe fulani ya mradi, ng'ombe mmoja alipelekwa mnadani akapimwa kwenye mizani ya kweli, Mama Atu akampima kwa utepe hapo hapo, kisha akachinjwa tukala. Vipimo vyake viko mstari wa kwanza wa faili, rangi ya njano, na jina lake pale ni Marehemu. Uzito wa mizani umeandikwa kwa mkono wa mtu, pembeni fomula inahesabu. Kila asubuhi, kabla hujamgusa ng'ombe aliye hai, mwulize Marehemu. Namba zikikaribiana, endelea na kazi. Zikikataana, zima kila kitu ukanywe chai.

Kesi ngumu za mwanzo hazikutoka kwa ng'ombe. Katibu wa kwaya alituletea disketi tumchapie mahudhurio ya waimbaji. Tulipoifungua, likaja lile dirisha la onyo kwamba ndani kuna makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha zenyewe, je, uziruhusu au uzizuie. Mimi nilishaanza kupeleka mkono kwenye kuruhusu, maana neno Enable lilikuwa limekaa vizuri. Mama Atu akanishika kidole.

"Kwaya ina makro za nini?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Na mwimbaji hajui. Sasa nani kaziweka?"

Akazizuia. Virusi vilikuwemo, tena vya kuhamia kwenye kila faili utakalofungua baadaye. Kanuni yake ilikuwa kwamba makro unaziruhusu kama unamjua aliyeziandika na unajua alichokusudia. Vinginevyo unazuia, na mtu akikasirika akasirike. Mratibu aliposikia habari za virusi alichukua hatua yake mwenyewe. Alitangaza kwamba mwenye mafua asiingie chumba cha kompyuta, na disketi ya kwaya akaipangusa kwa spiriti. Ilitoka inang'aa, na virusi vyake vyote.

Baadaye mume wa Mama Atu akahamishiwa kwao Mbeya. Siku wanaondoka Mama Atu aliniachia disketi ya kiongezo, kumbukumbu nyingine zote akabeba, akasema, "Sasa Marehemu ni wako." Nililia chooni, kwa sababu chooni hakuna mtu wa kukuuliza unalia nini.

Hazikupita siku nyingi wafadhili wakaleta mashine mpya, ile ya zamani wakaichukua, na Mratibu akatazama huku na huku akagundua kwamba =UZITO imefanya kazi muda wote huo bila kuzinduliwa. Hilo lilimsumbua kuliko ugonjwa wa ng'ombe. Ikaundwa kamati ya uzinduzi, na kamati ndogo ya chakula, na kamati ndogo zaidi ya kuitafutia kamati ya chakula mbuzi. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa kutoka mkoani. Programu ilisema atabonyeza kitufe, namba zitatokea, zitachapwa, na ng'ombe wa kwanza atachomwa sindano hadharani.

Kiongezo kwenye mashine mpya alikiweka Mratibu mwenyewe, kwa mkono wake, mimi nimesimama nyuma. Likaja lile swali.

"Inasema nini hapo?" akaniuliza, ingawa aliona.

"Inauliza kama iweke nakala. Tuseme Yes, bosi."

"Nakala? Mgeni rasmi atoke mkoani aje kuzindua nakala? Sisi tuna orijino, Veneranda." Akabonyeza No kwa nguvu kidogo. Namba zikatoka vizuri, kwa sababu disketi ilikuwa ndani, akanigeukia na ule uso wa mtu aliyeshinda. Nilitaka kumweleza. Nikaangalia chini.

Asubuhi ya sherehe hema lilikuwa limeshasimamishwa uwanjani, upepo unalivuta kila upande, akina mama wa kamati wamejifunga khanga juu ya makoti. Mzee Masanja alikuwa amefika mapema. Ni Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa Chala, na kamati ilimchagua yeye kwa sababu dume lake linatoka vizuri kwenye picha. Yeye alikuja kwa sababu nyingine. Maksai wake walikuwa wawili, mmoja alikufa akitibiwa ugonjwa wa ndorobo, na huyu aliyebaki, aitwaye Redio kwa sababu hanyamazi, alikuwa ameanza kukonda vilevile na mvua ziko karibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umpime huyu, usimwogope, anaongea tu."

Nilimzungushia utepe kifuani. Siku ile Redio alikuwa hasemi kitu, na mzee alikuwa anamwangalia mdomo kama unavyomwangalia mtoto mwenye homa.

"Dawa hii mliyompa ndugu yake kule kijijini," mzee akasema, "yule aliyemchoma alikadiria kwa macho. Akazidisha. Jioni akalala, asubuhi hakuamka. Ndiyo nimemleta kwenye mashine. Mashine haikadirii, si ndivyo?"

"Ndivyo, mzee," nilisema, na nikaingia ndani kuandika vipimo.

Nilipowasha, mstari wa Redio uliandika #NAME?. Marehemu naye #NAME?. Kila seli. Nikainama kwenye mdomo wa kuingizia disketi, mtupu. Mratibu akaingia amevaa suti yake ya sherehe na soksi mpya.

"Bosi, disketi iko wapi?"

"Iko mahali pa heshima. Kwa nini hiyo inaandika Kiingereza?"

Nilimwambia kwamba inaitaka disketi. Alitazama saa, akatazama hema, msafara wa mgeni ulishaonekana kwa vumbi. Ndipo akaingia mwenyewe kwenye visanduku, akashuka navyo kwa kidole, akakiona kile kiongezo cha zamani ambacho fundi alikihamisha pamoja na mafaili yetu mengine. "Hiki nacho si UZITO?" Akatia alama. Akaurudia ule mstari kwa Enter, na wa chini yake, na mwingine, na namba zikajaa kama kawaida, nyeusi, zimenyooka.

"Unaona? Tatizo lako, Veneranda, una wasiwasi."

Nikamwangalia Marehemu. Alikuwa amenenepa. Ng'ombe niliyemla mwenyewe alikuwa ameongezeka uzito wa kama robo tatu ya kuku wote wa Kizwite, na mstari wa Redio, aliyekonda mbavu zinahesabika, ulisema ana mwili wa dume la maonyesho. Na =DOZI haina akili ya kuuliza, inapokea uzito iliopewa. Dawa ilikuwa imezidi karibu nusu, kwa ng'ombe mgonjwa. #NAME? haimdhuru mtu, kila anayeiona anajua kuna kitu hakipo. Ile namba nzuri ndiyo ya kuogopa.

"Bosi, hizi si zake."

"Zitakuwa zake baada ya hotuba. Kaa pale nyuma."

Nilikaa pale nyuma. Kwaya ikaimba, ile ile ya disketi ya spiriti. Ikasomwa risala inayomshukuru kila mtu isipokuwa Mama Atu. Mashine ilikuwa imetolewa nje, imewekwa mezani chini ya hema na kitambaa chake cha maua. Mgeni rasmi akafunua kitambaa, akabonyeza, namba zilizokuwepo zikaendelea kuwepo, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mashine ya kuchapa ikatoa karatasi. Karatasi akapewa Ipyana, bwana mifugo wetu, ambaye siku hiyo ndiye alikuwa pia msema chochote wa sherehe, kipaza sauti mkono mmoja, bomba la sindano mkono wa pili.

"Sasa, ndugu zangu, tunaingia kwenye tiba ya kisasa," alisema, na akaanza kujaza sindano huku anaisoma karatasi. Mzee Masanja alimshika Redio kamba, akavua kofia.

Nilinyanyuka. Sijui miguu ilitoka wapi. Nilipita mbele ya meza kuu, jambo ambalo hata kwenye ndoto silifanyi, nikamfikia Ipyana, nikamnong'oneza karibu na kidevu:

"Kaka Ipyana, usimchome. Hizo namba za uongo. Mzee atabaki hana hata mmoja."

Sikuwa nimefikiria kipaza sauti kiko wapi. Kilikuwa kati ya kidevu chake na mdomo wangu. Mnong'ono wangu ukatoka kwenye spika mbili, ukapiga ukuta wa ghala, ukarudi. Mama wa mitumba alisikia. Nadhani na waliokuwa shambani ng'ambo ya barabara walisikia, kwa sababu walisimama na majembe.

Mratibu alitabasamu kwa meno yote. "Mheshimiwa, huyu binti ni mgonjwa."

"Ana nini?" akauliza mgeni rasmi.

"Wasiwasi."

Mgeni rasmi akanitazama. Nikaangalia viatu vyake. "Binti, za kweli ziko wapi?"

Ipyana, Mungu ambariki au amsamehe, alinisogezea kipaza sauti. Nikasema, "Ziko kwenye zawadi yako, mheshimiwa."

Zawadi ilikuwa juu ya meza kuu, imefungwa karatasi ya maua na utepe mwekundu. Nilikuwa nimeshaikisia kwa umbo. Ikafunguliwa karatasi moja, ndani karatasi nyingine, ndani fremu ya mbao kutoka kwa fundi wa sokoni, kioo mbele, na nyuma ya kioo, kwenye kitambaa cha zambarau, disketi ya Mama Atu imebandikwa katikati kama picha ya marehemu wa kweli. Chini yake kwa herufi za dhahabu: ORIJINO.

Mzee Masanja ndiye aliyesema, kwa adabu kabisa, "Sasa hiyo ndiyo yenye dozi ya ng'ombe wangu?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Basi itoeni. Mimi nasubiri."

Kioo kilitoka kwa kisigino cha kiatu cha mjumbe wa kamati. Disketi haikutoka. Fundi alikuwa mkarimu, aliipaka gundi ya mbao mpaka kile kibati chake kinachoteleza kikagandamana. Ipyana akaweka sindano chini, akafungua sanduku lake, akatoa kisu cha upasuaji. Akanipa kipaza sauti nimshikie, lakini akaendelea kukisemea, mtu akishazoea kazi ya kusema haachi. "Ndugu zangu, tunapasua taratibu. Mgonjwa ametulia. Hapa kuna gundi. Tunaitoa gundi." Watu walisogea mpaka hema likainama. Kwaya ilitaka kuimba, mwalimu wao akawazuia.

Kibati kikateleza. Nikaipuliza, nikaiingiza. Mashine ilikoroma muda mrefu, Redio akageuza kichwa kuisikiliza. Nikaondoa alama kwenye kiongezo cha zamani, nikakifuta na chenyewe hapo hapo bila kikao, mbele ya mheshimiwa na mhuri wote wa mkoa. Nikakitafuta cha Mama Atu kwa Browse. Swali likaja.

"Inasema nini?" mgeni rasmi akauliza.

"Inauliza kama iweke nakala."

"Tuseme nini?"

"Yes, mheshimiwa," nilisema. Mheshimiwa akabonyeza Yes. Hicho, ukitaka kujua, ndicho kitu pekee kilichozinduliwa siku ile. Nikazipigia Enter fomula moja moja, nikaanza na Marehemu. Akarudi kwenye mwili aliokufa nao. Redio akapungua karibu theluthi, akawa yule yule aliyesimama mbele yetu.

Ipyana alirudisha dawa nyingine kwenye chupa. Mzee Masanja aliangalia jinsi inavyopungua ndani ya bomba, akavaa kofia. Redio alipochomwa alitoa sauti moja ndefu, ya kwanza siku hiyo. Mvua zilipoanza alilima, amefungwa nira pamoja na dume la kuazima.

Ripoti ya sherehe ilisema uzinduzi ulifana na kwamba binti mmoja wa mradi alitoa maoni. Mratibu hakunisemesha muda mrefu, ambao kwa mtu kama mimi ulikuwa wakati mzuri wa kazi. Nilitengeneza disketi nyingine ya akiba, nikaiandika juu kwa mwandiko wangu bora, nikaiweka kwenye droo. Ile ya Mama Atu haikuwahi kusomeka tena, gundi iliingia mpaka ndani.

Sasa kuhusu kuagwa kwangu. Mashine yetu, pamoja na nakala iliyomo, ilikuwa imepelekwa tawi la Kate asubuhi ile ile, na nyingine ilikuwa bado kwenye boksi. Nilitegemea bati hata moja kama wastaafu wengine. Nikapewa ndoo ya bweni, ambayo ni haki. Kisha Mratibu akasimama, akasema machozi yanamlengalenga, utumishi uliotukuka, na kadhalika, na kwamba kamati imenitafutia kitu cha kunikumbusha kazi. Akanikabidhi kitu cha mraba kilichofungwa karatasi ya maua.

Nilikigusa tu pembeni nikajua. Nje, Mzee Masanja alikuwa ameketi kwenye ngazi, Redio na mwenzake mpya wamefungwa, amewaleta kwa dawa ya minyoo.

"Bosi," niliuliza, na safari hii kila mtu alinisikia bila spika, "hii mmeitoa wapi?"

"Kwenye droo yako," akasema kwa furaha. "Ina mwandiko mzuri sana."

Ipyana aliweka soda yake chini, hakusubiri kuambiwa, akaenda kuleta kile kisu.